Mtunza Faili Asoma Makala

Daktari Nankafu ameniletea karatasi kumi na moja,
zimebanwa pini pembeni, bado zina joto la mashine.
"Mzee Zihalirwa, soma mwisho,"
akasema, akashuka ngazi mbio kurudi wodini.

Sikuanza mwisho. Mimi ni mtu wa faili,
na faili husomwa kuanzia jalada.

Juu kuna majina tisa. Lake ni la kwanza.
Mwaka juzi lilikuwa la saba, kwenye makala ile nyingine
waliyoiandika Ulaya, alikokaa miezi kumi:
habari za pampu inayopandikizwa kando ya moyo,
waya wake unatokeza tumboni,
usiku mtu anajichomeka ukutani kama simu.
Nilimuuliza: na umeme ukikatika?
Akacheka. Halafu akaacha kucheka.
Hapa Kadutu umeme una tabia ya mgeni mwenye haraka,
haungoji maharagwe yaive.

Hii ya sasa haina pampu.
Ina maziwa.

Inasema (nimeisoma mara tatu, kamusi magotini)
kwamba ipo homoni iitwayo prolaktini,
ndiyo inayoyaita maziwa yashuke,
na kwa wanawake wachache, siku zile za uzazi,
homoni hiyohiyo hukatika,
kipande chake kikaugeukia moyo.
Moyo unatanuka, unalegea,
unashindwa kusukuma.
Miguu inavimba. Watu husema ni uzazi tu.
Watu husema ni jirani.
Na yeye amekaa kitandani, hawezi kulala chali,
ananyonyesha huku anazama kwa ndani.

"Wagonjwa arobaini na mmoja," yasema makala.
Najua. Ni mimi niliyewatoa.
Miezi minne katika chumba cha chini,
ambamo mvua ya Novemba huingia bila hodi,
yeye na buti za plastiki, mimi na tochi mdomoni.
Panya walikuwa wamesoma kabla yetu.
Faili zilizoshikana tulizianika juani uani
kama sambaza, tukawafukuza kunguru.

Kwenye jedwali la pili yumo "mgonjwa wa 23:
miaka 19, mkulima, uzazi wa kwanza,
alipotea katika ufuatiliaji."

Alipotea?

Mgonjwa wa 23 ni Nsimire M'Bisimwa, wa Kabare.
Faili ya kijani, pembe imeliwa.
Alikuja na shuka moja na kuku mmoja,
na kuku huyo alitembea ofisini kwangu wiki nzima,
rehani ya deni la hospitali.
Walimwambia aache kunyonyesha,
ameze kidonge cha kuyakausha maziwa.
Mama mkwe akauliza: na mtoto atakula nini, kidonge?
Hakuna aliyemjibu kwa bei ya kopo la maziwa.
Hakupotea. Aliondoka mchana kweupe, mtoto mgongoni,
akipumzika kila hatua kumi.
Lango nilimfungulia mimi.

Hayo nilimwambia Daktari kule chini.
Alikaa juu ya sanduku, kalamu mkononi, muda mrefu.
"Mzee, hiyo sina pa kuiandika.
Jedwali lina safu sita."

Basi, mwisho. Nimefika.
"Waandishi wanamshukuru Bwana Ziharilwa."
L na R zimebadilishana viti.
Miaka thelathini na moja naandika majina ya wengine,
na siku langu linapigwa chapa, linakwenda kinyumenyume.
Hata hivyo nimelitazama.
Nimelitazama tena.

Nimechukua kalamu ya bluu, nimesahihisha nakala yangu.
Kisha nimerudi kwenye jedwali,
kando ya 23, pale pembeni palipo peupe,
nikaandika: Nsimire M'Bisimwa.
Alitoka kwa miguu yake.

Makala nimeiingiza ndani ya faili ya kijani,
nikaifunga uzi, nikaipandisha rafu ya juu,
mbali na mvua.

Yule kuku alitaga mayai matatu.
Hilo nalo halimo.