Mkono wa Bibi Kreszentia

Uwanja wa Appenzell, Jumapili ya mwisho ya Aprili.
Theluji imebaki mabegani mwa mlima tu.
Wanaume wanaingia duarani na panga kiunoni,
upanga wa baba, wa babu, wa babu yake babu:
chuma hicho ndicho kadi yao ya kura.
Sisi tuna kipande cha karatasi.
Changu nimekikunja mfukoni, pamoja na risiti ya maziwa.

Bibi alikuwa mtarizi.
Alitarizi leso za maharusi wa Paris,
uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe,
kazi ya kupofua macho,
na ujira akiupokea mumewe, akitia saini kwa niaba yake.
Siku ya kura alibaki dirishani na sindano,
akihesabu kofia.

Mvumilivu hula mbivu. Aliila, sawa,
akiwa na meno ya bandia.
Miaka sitini na tisa, ndipo akaingia duarani,
na swali la kwanza likawa mfereji wa majitaka.
Mfereji! Akanyosha mkono
kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba iliyomzidi kimo.
Swali likapita, likaja jingine,
mkono haujashuka.
Jirani yake Sefa akamvuta kiwiko:
"Teremsha, wamekwisha hesabu."
"Wahesabu tena."

Kila Krismasi tunaisimulia hadithi hiyo, watu wanacheka.
Mimi sicheki sana siku hizi.
Novemba niliikuta hati ya mshahara wa Urs
imesahaulika kwenye mashine ya kunakili.
Urs, niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe.
Tofauti yetu ingelipia chekechea ya mwanangu
na chenji ikabaki.
Niliirudisha kifudifudi,
kwa mkono huuhuu.

Leo tunapigia kura bajeti ya nyumba ya wazee.
Delfina yuko hukohuko, ghorofa ya pili,
anamlisha bibi supu, kijiko kwa kijiko.
Ametoka Ureno mwaka wa kumi na nne huu; hana kadi.
Wanaoamua zamu zake za usiku
ni mimi na hizi panga.

Wanaokubali?

Nanyosha.
Nawaza ule uzi mweupe juu ya cheupe,
usivyoonekana
mpaka uinamishe kitambaa kwenye mwanga.
Hapa wanahesabu kwa macho, tena upesi.
Mwenyekiti amekwisha geuza ukurasa.

Kiwiko changu kinauma. Siteremshi.