Theluji ya Wanga

Mama kavaa blauzi yake ya hariri
kukaa sebuleni, ghorofa ya nne, Łódź,
atazame watu wengine wakituzwa.
"Haifai wanikute na aproni," asema,
kana kwamba kioo kina macho upande wa pili.

Shangazi Jadwiga kaja na samaki wa siki
na ulimi wake, wenye siki zaidi.
Tangu zulia jekundu hajanyamaza:
yule kavaa pazia,
huyu kajifunga shuka la hospitali,
na yule mgongo wazi, Machi hii, na baridi hii,
atakohoa mpaka Pasaka.
Kila jina likitajwa yeye ashajua
nani kamwacha nani, na kwa ajili ya nani.

Hakuna anayetaja barua.
Imeegemezwa kwenye bakuli la sukari, muhuri wa bluu,
mikunjo imelegea kwa kufunguliwa:
*Jina la marehemu mumeo, Wiesław Pietrzak,
litaonyeshwa usiku wa tuzo.*

Baba hakuwahi kuonekana. Baba alikuwa miguu.
Miaka thelathini na minane alitembea gizani
kwa niaba ya warembo:
buti za askari, visigino vya bibi harusi,
farasi kwa vifuu viwili na sanduku la changarawe,
busu kwa mkono wake mwenyewe
(Mama alinuna wiki nzima, hata alipoonyeshwa mkono).
Na theluji.
Theluji ilikuwa wanga wa viazi ndani ya mfuko wa ngozi;
aliuminya polepole, *krup, krup*,
na ukumbi mzima ukafunga vifungo vya makoti.

Tuzo ya sauti hutolewa watu wakienda msalani.
Shangazi akaenda.
Kijana mwenye tai iliyopinda akashukuru haraka haraka,
akamshukuru mkewe, akamshukuru paka,
muziki ukamfukuza kabla hajafika kwa mama yake.
"Mwacheni amalize," Mama akakiambia kioo.

Kisha taa zikafifia.
Mwimbaji wa gauni jeusi akasimama katikati,
na nyuma yake, mbali, kwenye pazia,
wafu wakaanza kupita mmoja mmoja.
Lakini kamera ilimpenda mwimbaji.
Ikamzunguka, ikapanda, ikashuka kwenye machozi yake,
na majina kule nyuma yakawa sisimizi.

Mama alishuka kwenye kiti.
Sijamwona akipiga magoti tangu mazishi.
Akakisogelea kioo mpaka pua ikakaribia kugusa,
uso wake bluu, kisha mweupe, kisha bluu.
Likapita moja refu. Likapita lenye P, au R.
Likafunikwa na bega la mwimbaji.
Halafu picha kubwa, wazi, ya mwigizaji wa kike,
makofi, na tangazo la sabuni.

"Alikuwa yeye?" akauliza, bila kugeuka.
Shangazi, mlangoni, mikono ikidondosha maji,
kwa mara ya kwanza usiku ule hakuwa na neno.

"Ndiye," nikasema.
Sikuona kitu.
"Waliandika na ile *ł* vizuri?"
"Vizuri kabisa, Mama."

Tukala samaki. Mkate ulikuwa umekauka pembeni.
Saa tano na robo wakatangaza filamu bora,
wakaonyesha kipande: mwanamume peke yake
akivuka uwanda mweupe kuelekea nyumba isiyo na moshi.
Ukumbi kimya. Hatua zake tu.

Mama akaweka uma chini.
Akainamisha kichwa, sikio lile zima likielekea kioo,
akasikiliza hatua tatu, nne,
kama fundi seremala anayegonga meza ya mwenzake.

"Chumvi," akasema.
"Wametumia chumvi, wavivu hawa."
Na akaokota tena uma.