Pembe za Kondoo

Kidole changu kidogo cha kushoto
kilianza kufa ganzi pale Kifaru,
kikafa kabisa kabla ya Mwanga,
na Usangi nilifika nimeshindwa hata kufungua
vifungo vya blauzi.
Dada akanifungua kama mtoto wa chekechea,
akasema: baiskeli hiyo itakurudisha Moshi kwa basi.

Ikanirudisha kwa basi.

Jumamosi niko Kiboriloni, kwa fundi Aminiel,
nyuma ya mabanda ya viatu vya mtumba,
ambako sukani zinaning'inia misumarini
kama mafuvu ya wanyama aliowala peke yake.
Nataka pembe za kondoo, nikasema,
ule usukani unaopinda mbele ukashuka chini,
mkono upate pa kuhamia ukichoka.
Kijana wa kuziba pancha akacheka:
Mama, unatengeneza baiskeli au unalipa mahari?

Aminiel hakucheka. Alikuwa na skrubu mdomoni.
Akashusha wa kwanza: mwembamba, mwepesi,
wa baiskeli ya mashindano, una stika ya bendera nisiyoijua.
Nikaushika. Mabega yakasogeleana
kama watu wawili chini ya mwavuli mmoja.
Na kule chini kulikuwa mbali,
mbali kama kupalilia maharage.
Mgongo wangu una miaka hamsini na tatu,
na thelathini kati ya hiyo umekaa kwenye kiti cha karani,
kiwanda cha kahawa, dirisha la pili.
Umeshainamia magunia ya watu. Yatosha.

Wa pili ulikuwa mpana ajabu:
nikajiona nimebeba meza
natafuta mlango wa kuipitisha.

Nikaanza kupanga maneno ya kuaga.
Aminiel akatema skrubu.
"Bi Nakijwa, kachote maji."
Ndoo mbili, moja kila mkono,
mpaka bombani na kurudi.
Nilikwenda nanung'unika: mteja naye anatumwa!
Kumbe mwenzangu anatazama vifundo vya mikono,
viganja vinavyotazamana mshazari,
havikunyooka, havikupinda.
"Hivyo," akasema. "Hivyo ndivyo mkono wako
unavyolala ukiwa na mzigo."

Akaingia uvunguni mwa benchi, akatoka na wa tatu:
umechubuka, una alama za meno ya spana,
haufiki mbali mbele, haushuki sana chini,
na ncha zake zinafunguka nje kidogo
kama pindo la sketi upepo ukipita.
Akanipima kwa kamba ya katani bega hadi bega,
mfupa hadi mfupa, si nyama,
akailaza kamba juu ya chuma.
Zikalingana.
Yule kijana akanyamaza, akaendelea na pancha yake.

Alitaka elfu thelathini na tano.
Nilimkata tano, ujira wa maji.

Akauinua mpaka ukakaribia kulingana na siti.
Breki zikawa mbali na vidole vyangu vifupi,
akakata kipande cha kandambili akakipachika kama kabari.
Chini ya utepe akalaza tyubu kuukuu, mikunjo miwili.
Utepe wenyewe wa kijani, wa kushonea mapazia.
Hakuwa na mwingine.

Leo nimepita Himo bila kushuka.
Upepo wa Same ukanijia usoni, nikashusha mikono,
ukapita juu ya mgongo wangu
kama mtu anayetafuta nyumba ya jirani.
Kilima kikaja, nikapandisha mikono kwenye breki.
Tambarare, nikairudisha katikati.
Nahama, nahama tena,
mpangaji mwenye vyumba vitatu
na funguo zote mfukoni.

Kifaru nikakijaribu kidole.
Kinauma kidogo.
Sawa, kinachouma kipo.
Na makusudi kabisa nimevaa
blauzi ya vifungo saba.