Kisogo

Mimi ndiye wa viti.
Alhamisi ya pili ya kila mwezi, baada ya alasiri,
navipanga thelathini, nikijua watakaa kumi na saba,
na katika hao watano wamefuata kahawa.
Nao nawaandika. Chuo chataka idadi.

Safari hii msemaji alikuwa Dakta Nangila,
ameshuka gatini na sanduku lililoviringishwa blanketi.
Punda akalibeba hadi Mkomani
akikwaruza ukuta kila kona,
naye Dakta nyuma, mkono juu ya blanketi:
"Polepole, baba, polepole,"
hata sijui akimwambia punda au mwenye punda.

Ndani mlikuwa na kichwa cha mwanamke wa Uyunani,
cheupe, pua imekatika.
Si chenyewe, alituambia. Nakala.
Chenyewe ni marumaru, kiko mbali, hakisafiri.
Hiki ni jasi, kilimiminwa kwenye kalibu
miaka mia na zaidi iliyopita,
ili wanafunzi wakione bila kupanda meli.
Akawasha projekta. Nguzo. Hekalu.
Ramani yenye mishale mingi kuliko miji.

Stima ikakatika.

Mtu akacheka. Nikafungua madirisha,
jua la saa kumi likaingia ubavuni
likampata yule mwanamke shavuni,
na mara ya kwanza siku ile
sote tukamtazama yeye, si ukuta.

Ndipo Famau wa Lali akainuka, kiti cha nyuma, karibu na birika.
(Nilikuwa nimeshamhesabu na wa kahawa,
Mungu anisamehe.)
Fundi wa vidaka, hata hamsini hajafika,
chokaa imemkaa kwenye nyusi.
Kibao chasema USIGUSE. Nimekiandika mwenyewe.
Akagusa. Akagonga kwa ukucha, akatega sikio
kama anunuaye nazi.
"Hii yashika upesi.
Chokaa yangu nailaza shimoni miezi sita;
hii ukipiga chafya, imeganda.
Nani kakifanya?"

Dakta akataja jina, na mji, na karne.

"Huyo wa marumaru. Nauliza wa jasi.
Aliyekoroga. Aliyejua sasa ndiyo wakati, mimina."

Dakta Nangila akafungua daftari lake.
Akalifunga.
"Hakuna aliyeandika," akasema,
na sauti yake ilikuwa imevua viatu.

Tukamgeuza, watu wanne, leso yangu chini yake.
Kisogoni hapakusuguliwa; nani hutazama kisogo?
Mshono wa kalibu, mapovu, nyuzi za katani,
na pale shingo inapoishia,
alama ya gumba.
Mtu aliisukuma jasi mbichi ijae pembeni,
kisha akaenda zake kula.

Famau akaweka gumba lake. Halikuingia.
"Kijana," akasema. Akafikiri. "Au mwanamke."
Barke, wa kidato cha tatu, akaweka lake.
Wakapanga foleni, hata wale watano.
Mimi nilikuwa na kahawa jikoni, ilikuwa inafurika.

"Na hii pua? Niachieni wiki moja."
"Haturekebishi," akajibu Dakta. "Tunahifadhi."
"Ndivyo mnavyoniambia na nyumba ya mamangu,
nayo yavuja."
Watu wakacheka. Yeye hakucheka,
na Dakta naye akaacha kucheka katikati.

Stima iliporudi hekalu likasimama tena ukutani,
zima, lenye nguzo zote.
Hakuna aliyeligeukia.

Usiku nikajaza fomu. Waliohudhuria: ishirini na mmoja.
Msemaji: nikaandika jina la Dakta,
nikaweka mkato,
nikakaa na kalamu hewani mpaka wino ukadondoka.

Vikombe nikavisuuza. Viti nikavikunja,
isipokuwa kile kibovu kisichokunjika.
Bawabu akauliza mbona bibi ameupa mlango mgongo,
wageni wa kesho wataingia wamwone nyuma.
Nikamwambia, mwache hivyo hivyo.
Funga.