Hesabu ya Kutoa

Kibanda changu kiko chini ya kilima cha Bugando,
pale harufu ya dawa inapokutana na ya sambusa.
Naandika misalaba. Naandika na marumaru, kwa wenye nayo.
Herufi moja shilingi mia tano. Tarakimu sitozi:
mwaka wa kuja na mwaka wa kwenda ni vya Mungu,
mimi nani nivitie bei.

Lakini mkono ukishaandika miaka miwili
kichwa hakingoji ruhusa.
Kinatoa.

Jumatatu, Zehra binti Taherali, duka la vitambaa, mtaa wa Rufiji.
1934, 2023.
Wanawe walileta jiwe limeviringishwa blanketi
kana kwamba nalo lingeshikwa na baridi.
Simwonei kijicho. Alikuwa akinipa chai ya tangawizi,
akinionyesha ngozi ya kifua ilipotuna:
betri, mwanangu, nilipelekwa Hyderabad kuwekewa,
moyo wangu una saa yake.
Themanini na tisa.

Jumatano, padri wa Kiholanzi. Tisini na mmoja.
Alitaka mbao tupu kama maskini wake;
mbao akapata.
Miaka yao hakuweza kuiiga.

Alhamisi foleni ilifika kwa muuza vocha.
Igogo, Mabatini, Mwaloni, tena Igogo.
Hamsini na mbili. Thelathini na tisa. Arobaini na saba.
Mmoja mwaka uleule kushoto na kulia,
hapo hakuna cha kutoa,
baba yake akauliza kama jina fupi lina punguzo.

Na Limi Masunga.

Wageni huja kupiga picha miamba yetu,
jinsi jiwe lilivyokaa juu ya jiwe bila kuanguka.
Sisi tumekaa katikati.
Capri Point maji hupanda kwa pampu,
Igogo yalipanda kwa shingo ya Limi,
ndoo ya lita ishirini, alfajiri, miaka thelathini,
ziwa lote likimtazama kutoka chini.
Presha walimwambia anayo. Vidonge zahanati vimekwisha.
Alinunua vya wiki moja, akavikata kwa wembe,
vikawa vya wiki mbili, na akafurahi
kama aliyepata chenji iliyozidi.

Usiku alipoanguka, gari lingepita wapi?
Tulimtoa kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne,
mimi mguu wa mbele, kushoto.
Jiwe, ngazi, mtaro, jiwe.
Umeme ulikuwa umekatika upande wetu.
Taa za Capri Point, ng'ambo ya maji,
ndizo zilizotuonyesha pa kukanyaga.
Nawashukuru. Sikejeli.

Daktari kijana, macho mekundu, akasema: mmechelewa.
Hakukosea.
Nilitaka tu kumuuliza, tangu saa ngapi?
Maana mimi nilikuwa na kalamu, ningeandika.

Tokea getini kwa Zehra hadi mwanzo wa ngazi za Limi
bodaboda anadai elfu mbili,
ukikazana elfu na mia tano.
Kwa bei hiyo unavuka miaka arobaini na mitano,
na kofia ngumu hupewi.

Msalaba wake niliuandika bure.
Herufi zote kumi. L ilitetemeka, nikaifuta kwa petroli,
nikaanza upya.

Mwanangu Luhende alikuwa sakafuni na daftari,
kazi ya nyumbani, darasa la tatu.
Akaona ubao, akainakili hesabu kwa mazoea ya mtoto:
2023 toa 1979.
"Baba, tatu toa tisa haiwezekani."
Kopa kumi kwa jirani, nikamwambia,
ndivyo mwalimu alivyofundisha.
Akanyanyua penseli. Akaishusha.
"Na jirani akikataa?"

Rangi ilikuwa bado mbichi.
Nilimwambia asogee, asije akaigusa.