Jina la Kilichomo

Asiyejua maana haambiwi maana,
ndivyo tulivyolelewa.
Lakini katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali,
Hamilton, Ontario,
asiyejua huambiwa, na huambiwa tena kwa picha:
mwali wa moto, fuvu na mifupa,
mkono unaoliwa na matone,
kila kimoja ndani ya almasi yenye ukingo mwekundu.
Ule mkono niliuota usiku wa kwanza.

Darlene, msimamizi, alitufunza Januari,
Kiingereza chake kinakimbia, kidole chake kinatembea:
ukimimina kutoka pipani kwenda chupani,
chupa nayo ipewe jina.
Jina la kilichomo, namna ya kukishika,
na karatasi yake inakaa wapi.
Hata kama ni kidogo. Hata kama uko peke yako.

Nikacheka kimoyomoyo.
Kwetu Msambweni mafuta ya taa yalikaa kwenye chupa ya soda
chini ya meza, gunzi ndiyo kizibo,
na hakuna aliyeuliza. Pua ilisoma.

(Uongo. Kaka yangu alikunywa funda moja.
Alipona. Hatukulizungumza.)

Basi mwezi wa tatu, zamu ya usiku,
theluji nje imegeuka tope,
kibandiko kimelowa mvuke, kimejikunja, kimedondoka,
na mimi nina mikokoteni kumi na minne inayonisubiri.
Nikamimina magadi makali kwenye chupa ya kupulizia.
Rangi yake? Rangi ya maji.
Nikaiacha rafuni, uchi.

Rodel akavua miwani.
Alitaka kufuta ukungu tu.

Dakika kumi na tano kwenye bomba la macho,
nimemshika kisogo kama mtoto anayeogeshwa,
yeye akihesabu kwa Kitagalogi, mimi kwa Kiswahili,
hesabu zetu zikipishana
na maji yakitiririka hadi ndani ya viatu.

Alirudi baada ya wiki mbili.
Jicho la kushoto lina kiwingu; daktari anasema kitaondoka.
Sasa kila chupa huisogeza puani, aisome kwa sauti,
hata ile ya sabuni ya mikono.
Hajaniuliza kitu.

Fomu ilikuwa bado ndani ya kabati langu.
*Nani alimimina?*
Mstari mmoja mtupu, upana wa kibandiko.

Nikaandika jina lote, herufi kubwa,
MWATIME OMARI MWACHIRUMU,
kwa ile kalamu isiyofutwa na mvuke.
Namna ya kunishika haikuulizwa.