Kipande

Dirisha la tatu, Muheza, saa nne na robo.
"Jina?"
"Kipande."
"Mzee, kipande ndicho ulichofuata. Nakuuliza jina."
"Nimeshakujibu, mwanangu. Kipande."
Foleni nzima ikacheka. Mimi nikatazama viatu vyangu.
Baba hakutazama popote: jina lile
limemzoesha kusubiri watu wamalize kucheka.

Shuleni Ngomeni walimfuata nyuma wakiuliza,
kipande cha nini? Cha nyama au cha sabuni?
Mwalimu wa hesabu naye, Mungu amrehemu,
alimwita Nusu, siku nyingine Robo,
na siku alipopata mia kwa mia, Kipande Kizima.
Padre alikataa kubatiza jina la karatasi,
akamwandika Kanisius.
Huyo Kanisius hatujapata kumwona akila ugali nyumbani.

Nimelitafuta jina hili nione kama lina ndugu:
madaftari ya parokia, ya zahanati, ya chama cha ushirika.
Nimewakuta akina Shida na Tabu, Mashaka wanane,
Sikujua mmoja, Manoti wawili,
hata Korona, mzee wa watu, kazaliwa zamani kabla ya gonjwa,
akaitwa kwa mashine ya kuchakata mkonge.
Kipande mwingine yuko Korogwe, nikaambiwa.
Nikafunga safari.
Alikuwa mbuzi.

Basi sikiliza, wewe wa dirishani,
maana baba hatakueleza.
Babu Osmundi aliletwa kutoka Songea na namba shingoni.
Wakampa panga, blanketi, sufuria ya watu watatu,
na kadi yenye visanduku thelathini.
Siku moja, kisanduku kimoja; wala si siku ya jua,
siku ya matita. Yasipotimia,
jua limezama bure, nyapara hagusi kalamu.
Kadi hiyo ndiyo waliyoiita kipande.
Kikijaa, unalipwa.
Kisipojaa, unadaiwa hata chumvi.

Alikijaza hadi ishirini na tisa.
Alfajiri ya thelathini bibi Perpetua akashikwa uchungu,
kambi namba tatu, mkunga yuko Mkanyageni,
mvua imekata njia.
Babu akaliegemeza panga ukutani.
Akachemsha maji, akayaacha yapoe, akachemsha tena.
Saa tisa mchana mtoto akatoka,
pande la mtoto, wakasema majirani,
na sauti ya kushindana na king'ora.

Jioni akaipeleka kadi.
"Leo sikukuona shambani."
"Leo nilikuwa kazini."
Nyapara akafunika kalamu yake.
Babu akarudi, hakumwambia bibi neno,
akamwinua mtoto mwangani, akamgeuza huku na huku
kama mtu anayekagua risiti.
Kisha akasema: huyu ndiye Kipande.
Kimejaa.

Kadi ninayo mimi. Mende wamekula pembe moja.
Alama ishirini na tisa za wino wa buluu,
na weupe mmoja, mdogo kuliko ukucha.

Hayo yote sikuyasema. Nyuma yetu watu walikuwa wanaguna,
na mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa.
"Nitajie herufi, mzee," akasema kijana, safari hii taratibu.
Baba akamtajia moja moja, kama anayelipa kwa sarafu.
"Weka kidole gumba hapo. Ndani ya kisanduku."

Baba alifanya kazi kiwandani miaka kumi na tisa.
Mkonge umemfuta mistari ya vidole.
Mashine ikakataa. Akakipangusa kidole kwenye shati. Ikakataa.
Akakilamba, kama anayehesabu noti. Ikakataa.
Mara ya nne ikalia.
Au labda yule kijana alichoka.

"Haya, mzee Kipande. Njoo baada ya siku thelathini."
Baba akavaa kofia yake, akainama dirishani:
"Thelathini za jua, au za matita?"